Dokta wa mgongo wa Upanga, alinitibu na nimemzika

Mtoa mada umeuliza mawili, kwanza hawa wanaonyoosha mgongo mpaka unalia ka! (kwa Kizungu chiropractor) ni madaktari au matapeli, pili kama kuna anayemkumbuka yule mzee wa Upanga aliyefariki. La kwanza ntalijibu humohumo kwenye la pili maana ndo ninalolijua. Jina naliacha, familia sijawaomba ruhusa, sisi tulimwita Dokta tu.

2009 nilikuwa naendesha daladala, DCM ya Mbagala-Kariakoo. Saa kumi alfajiri uko kwenye usukani, kushuka saa tatu usiku, foleni ndo usiseme. Kiuno kikaanza taratibu, maumivu yakashuka tako la kushoto mpaka kisigino, kukanyaga klachi ikawa adhabu, jioni konda wangu ananishusha kwenye gari kama gunia la viazi. Nikachuliwa na bibi mmoja wa Mtoni kwa mafuta ya nazi, nikabandika plasta za Kichina, wapi! Abiria mmoja mama mtu mzima aliniona navyochechemea ndo akanielekeza.

Nimeingia najua leo navunjwavunjwa. Mgongo hata hakuugusa. Akanilaza chali, akanyanyua mguu ukiwa umenyooka akawa anauliza "hapa? hapa je?", akagonga goti na kinyundo cha mpira, akanichomachoma vidole vya mguu na pini nimefumba macho. Halafu akasema geuka. Mfuko wa nyuma nina waleti, noti za mia tano, risiti, leseni, imevimba kama andazi. Akaichomoa akaipiga mezani pah! "Baba, unakalia hii kutwa nzima halafu unaniuliza mimi ugonjwa?"

Sio kwamba waleti peke yake ndo mchawi, kiti cha gari chenyewe kilikuwa kimebonyea upande mmoja na alinieleza hilo pia, ila siku hiyo nilirudi home na amri ya kuhamisha waleti na mazoezi mawili ya sakafuni basi, rudi Alhamisi. Alhamisi ndo mgongo ukalia. Nikajua nimekwisha, mzee anacheka, anasema ule mlio ni gesi tu kwenye ute wa maungio, sio mfupa unarudi mahali pake, anayekwambia pingili ilihama akairudisha anakuuzia maneno. Wiki ya sita naikanyaga klachi kama sio mimi.

Alisomea Marekani, Davenport, Iowa, kando ya mto Mississippi, na ndiko fani yenyewe ya chiropractic ilikoanzia 1895, jamaa anaitwa D.D. Palmer alimbonyeza mgongo mfagizi wa jengo, Harvey Lillard, aliyekuwa hasikii vizuri, ikasemekana akasikia. Dokta akishasimulia anamalizia "hata mimi hiyo siiamini, mshipa wa kusikia haupiti mgongoni." Hapo ndo alipozidi kunipata, mtu anakwambia hivyo kuhusu kazi inayomlipia ada za watoto.

Na alikuwa anakataa wagonjwa, kitu ambacho matapeli hawawezi. Nilikuwepo kwenye benchi siku mama mmoja amemleta kijana wake kutoka Tandale, homa za usiku, jasho, kakonda, katikati ya mgongo pametokeza kinundu. Dokta alipapasa mara moja tu akatoa mkono, akaandika barua waende hospitali ya Muhimbili siku hiyohiyo, na hela akakataa. Ilikuwa TB ya uti wa mgongo. Angemkandamiza yule dogo si ajabu angempoozesha miguu. Vinyozi nao alikuwa na ugomvi nao wa kudumu, ile wakimaliza kukunyoa wanakunyonga shingo ka! kushoto ka! kulia, anasema shingo sio kifuniko cha soda, mshipa wa damu ukichanika humo unapata stroku unaondoka.

Nyumbani sasa. Watoto wanne. Saa nane na nusu anavua koti anafuata watoto shule, hata kama mheshimiwa gani yuko mlangoni, utamsubiri au utaondoka, mimi mwenyewe nilisubiri mara mbili nikachukia kweli. Jumapili anawapeleka Feri kununua samaki na mzigo unagawanywa kila mtoto mikono yote miwili, uzito sawa, ukimkuta mtu kabeba upande mmoja anasimamisha msafara palepale kwenye tope anapanga upya. Mkewe alitusimulia msibani kwamba hata posa alikwenda akamwambia baba mkwe unakaa vibaya mzee wangu. Mahari ikapanda.

Kaburi lake liko Kinondoni. Kutoa jeneza nyumbani tulikuwa sita, wanawe wawili na sisi wateja wa zamani, tumeinama tunataka kunyanyua, yule binti mkubwa (ni fizio sasa hivi, mtaalamu wa tiba ya viungo) alikuwa analia tangu asubuhi, ghafla kapaza sauti "Magoti! Pindeni magoti, migongo inyooke!" Watu kimya. Halafu mama yao akaanza kucheka, anacheka na machozi yanamtoka, uani kote wakaitikia, na sisi tumechuchumaa pale hakuna wa kunyanyua mpaka kicheko kilipoisha.