Je, tuta la kuzuia mafuriko linatosha?

Swali: Mimi ni ofisa mipango katika halmashauri. Mto wetu hufurika na nyumba za bondeni huzama. Viongozi wanataka fedha zote za kupunguza maafa ziende kwenye tuta. Hiyo ni sera sahihi?

Jibu: Tuta peke yake, hapana. Kazi yake ni kuzuia mafuriko madogo, yale ya mara kwa mara. Watu wakiona miaka inapita pakavu, hujenga kwa wingi nyuma yake, na shule na zahanati hufuata. Siku maji yakivuka kimo alichokadiria mhandisi, au tuta likibomoka, hasara hupita ile ya zamani. Kwa hiyo nisingepitisha tuta bila masharti ya matumizi ya ardhi nyuma yake, pamoja na fungu la matengenezo la kila mwaka. Fungu hilo ndilo hukatwa kwanza. Hakuna mgeni rasmi anayealikwa kuzindua kuziba mashimo ya panya kwenye tuta.

Masharti ya ujenzi nayo huokoa maisha, hata katika maafa mengine. Tazama matetemeko ya ardhi ya mwaka 2010. Januari, tetemeko la ukubwa wa 7.0 liliua watu zaidi ya laki moja Haiti. Februari, Chile ilipigwa na tetemeko la 8.8, lenye nishati karibu mara 500 zaidi, wakafa watu wapatao 500. Ni kweli la Haiti lilitokea jirani na mji mkuu, lakini Chile ilikuwa na kanuni za ujenzi zinazosimamiwa, na sheria inayombana anayejenga na kuuza jengo kwa kasoro za muundo wake kwa miaka 10. Kibali cha ujenzi, basi, ni chombo cha kuzuia maafa, na kiko mikononi mwenu tayari.

Tahadhari ya mapema nayo isisahaulike. Kimbunga cha 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000 katika nchi ambayo leo ni Bangladesh. Kimbunga Sidr, kilichoipiga nchi hiyo hiyo mwaka 2007, kiliua watu elfu chache. Katikati ya miaka hiyo walifunzwa watu wa kujitolea wa kupeleka onyo hadi vijijini, yakajengwa majengo ya kukimbilia, mengi yakiwa shule siku za kawaida. Mpango huo naupenda: jengo lenye wanafunzi halitelekezwi.

Kuhusu kuhamisha watu wa bondeni, mwende taratibu. Wako pale kwa sababu ardhi ni rahisi na kazi iko karibu. Mkiwapeleka mbali na kipato watarudi.

Kabla ya kikao kijacho, mtake mhandisi aeleze kwa maandishi tuta limekadiriwa kwa mafuriko ya kiwango gani, na maji yakilivuka yataelekea wapi.