Swali la lugha: utando juu ya utando juu ya utando

Mwalimu mmoja wa uuguzi wa Bukavu, anayetayarisha somo kuhusu usafishaji wa damu kwa mashine, yaani ile huduma ambayo wengi mjini huiita dialize, ametuletea sentensi hii na kuuliza kama inafaa: «Utando wa polima huzuia utando wa protini kuganda juu ya utando wa figo bandia.» Anasema wanafunzi waliisoma wakabaki wanaulizana ni utando upi unaozuia na ni upi unaozuiwa.

Kisarufi, Mwalimu, sentensi yako haina kosa. Kiswahili huita utando kitu chochote chembamba kilichotanda juu ya kingine: kazi ya buibui ni utando, na ile ngozi inayotokea juu ya maziwa yaliyochemshwa ni utando vilevile, tena hiyo ya pili ina protini ndani yake, kwa hiyo nawe hukukosea kuliita tabaka la protini kwa jina hilo. Hata hivyo, vitu vitatu vyenye kazi tatu tofauti haviwezi kubeba jina moja ndani ya sentensi moja, na ningependekeza neno utando liachiwe kile kinachochuja, kwa kuwa ndicho kilichokwisha kuzoeleka kwa jina hilo katika vitabu vya biolojia.

Kile kinachowekwa juu yake ili kukikinga nakiita mpako, kutoka kitenzi kupaka. Lakini hapa pana jambo la kuangalia. Tando nyingi za vichujio vya damu, yaani hizo figo bandia, hutengenezwa kwa polisalfoni au polietersalfoni, polima (vitu vya molekuli ndefu, kama plastiki) zenye tabia ya kuyakataa maji, na mara nyingi watengenezaji huzichanganya tangu mwanzo na polima nyingine inayopenda maji, kama vile polivinilpirolidoni. Hiyo haikupakwa, imechanganywa, na kuiita mpako ni kumpotosha mwanafunzi. Neno mpako linafaa pale ambapo polima, kwa mfano polietilini glikoli au zile zenye chaji chanya na chaji hasi kwa kiasi sawa, imetandazwa au kufungwa kwenye uso wa utando uliokwisha kutengenezwa.

Kitenzi ulichochagua ndicho kinachonisumbua zaidi. Kuganda kuna maana mbili: matope huganda kwenye viatu, na damu huganda kwenye kidonda. Katika habari nyingine msomaji angejichagulia mwenyewe bila taabu, ila katika habari hii mambo yote mawili hutokea, tena moja huvuta jingine. Damu inapopita ndani ya nyuzi za kichujio, ambazo uwazi wake una kipenyo cha takribani milimita 0.2, protini hufika kwenye ukuta ndani ya sekunde chache. Sehemu zake zinazokwepa maji hukutana na uso unaokwepa maji, maji yaliyokuwa katikati husukumwa nje, na protini hujikunjua ikashika isitake kuachia. Miongoni mwa zinazoshika imo fibrinojeni, protini inayosaidia damu kuganda, ambayo huziita chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazoziba kidonda, na hapo ndipo damu yenyewe inapoweza kuanza kuganda. Kwa sababu hiyo hatua ya kwanza iitwe kunata, na kuganda kubakie kwa damu. Msomaji mwingine angependekeza ukoga, neno zuri la zamani, lakini mgonjwa akilisikia atawaza meno yasiyopigwa mswaki na kudhani kichujio hakikuoshwa. Mimi siliungi mkono.

Kuhusu kuzuia, neno hilo linaahidi mno. Mpako unaopenda maji hushikilia tabaka la maji juu ya uso, na protini inayokaribia hukuta maji badala ya ukuta. Ili inate ingelazimika kuyaondoa kwanza, jambo ambalo si rahisi kwake. Zinazonata huwa chache, lakini hazikosekani kabisa. Andika kupunguza. Isitoshe, kazi ya utando wenyewe ni kuzuia: huiachia urea, ambayo ni taka ya mwili, ipite na kuizuia albumini, protini ya damu yenye uzito wa daltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 66,000 hivi, isipotee, kwa hiyo kitenzi hicho tayari kina pa kukaa katika somo lako.

Figo bandia ningeibadilisha pia, maana wapo watakaofikiri ni kiungo cha kupandikizwa. Sentensi basi isomeke: «Mpako wa polima unaopenda maji hupunguza kunata kwa protini kwenye utando wa kichujio cha damu.» Hapo unaopenda unaufuata mpako; ukitaka sifa iiendee polima, andika inayopenda. Na ukizungumzia tando nyingi, usiseme «utando nyingi» kama tunavyosikia mara kwa mara hapa mjini: ni tando, tando hizi, tando zinazochuja.