Kabla Hujarudia Biashara ya Zamani, Fungua Daftari

Msomaji mmoja wa mtaa wa Umoja, Nairobi, ameniandikia juzi. Mshirika wake wa zamani anamwita wafufue biashara waliyoivunja. "Kaka, nikikumbuka naona raha tupu," anasema. Nilicheka, maana mwezi uliopita nami niliitwa hivyohivyo, nikakataa. Sijuti hata kidogo.

Mimi na rafiki yangu tuliuza majaketi ya mitumba soko la Gikomba. Akisimulia leo, utadhani tulikuwa matajiri. Anataja Desemba yetu ya mwisho: robota lilifunguliwa likatoka kamera tupu, yaani mitumba ya daraja la kwanza, wateja wakagombania, jioni tukala nyama choma soko la Burma mpaka tukalegea. Ni kweli, nilikuwepo. Hataji marobota yaliyotoka matambara, wala alfajiri za mvua ya Aprili tukisukuma mkokoteni kwenye matope, wala pesa za stoki zilizokuwa zikikopwa Ijumaa na kurudi nusu Jumatatu. Aliyezikopa si mimi.

Sisemi anadanganya. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake walichapisha jaribio ambapo watu walizamisha mkono kwenye maji baridi ya kuumiza, ya nyuzi 14 za Selsiasi, kwa sekunde 60. Zamu nyingine ilikuwa hivyohivyo, ila waliongezewa sekunde 30 huku maji yakipashwa polepole hadi nyuzi 15. Walipoulizwa wangerudia zamu ipi, wengi walichagua ile ndefu. Yaani walichagua kuumia zaidi, mradi mwisho ulikuwa na nafuu! Kumbukumbu hushika kilele na mwisho, muda wenyewe haiuhesabu. Sasa kilele chetu na mwisho wetu vyote viliangukia Desemba ileile. Angekumbuka nini kingine?

Nikalitafuta daftari la mauzo, nikafungua na jumbe za M-Pesa. Ukitoa kodi ya kibanda na nauli, miezi mingi tulibaki mikono mitupu. Nikapiga picha zile kurasa, nikamtumia. Tiki zimegeuka buluu, jibu hakuna.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Umoja, usiulize moyo, uliza risiti. Muulize na aliyekuwa akikufungulia mlango usiku ukirudi umechoka. Yeye hakuwepo kwenye nyama choma. Na biashara yoyote uliyo nayo sasa, andika leo, siku mbaya kwanza, kwa sababu nzuri zitajikumbusha zenyewe. Vijana wa mji huu tunapenda sana kusema "zile siku zilikuwa tamu", halafu tunauza friji kutafuta mtaji wa kuzirudia. Acheni hayo. Na usiniandikie tena kwamba wako ni tofauti kabla hujajumlisha.

Ukijumlisha ukakuta faida ya kweli, rudi, sitakuzuia. Ila pesa za stoki zikae kwenye simu yako.