Kwa anayetaka kuacha DR650 kwa ajili ya vijia vya Magarini

Salaam, ndugu yangu. Umeuliza kama ni busara kwa mtu wa kimo cha wastani, mkazi wa Malindi mwenye Suzuki DR650, kuiuza na kununua pikipiki ndogo kwa ajili ya kupita vijia vyembamba vya Magarini na pande za Marafa, kaskazini mwa Malindi, na umesema unahofia kwamba injini ya cc 250 itakushinda kwenye mchanga. Jibu langu ni kwamba ununue iliyo ndogo, na katika kuchagua utazame kwanza kimo cha kiti, kisha uzito, kisha uzito wa gia ya kwanza, yaani uwezo wake wa kuvuta polepole bila kukimbia, na ukubwa wa injini uuweke mwisho kabisa. Nimeimiliki DR650 kwa miaka kadhaa hapa hapa kwetu, na sasa naendesha Yamaha Serow 250, kwa hivyo ninayoyasema nimeyaona katika njia zile zile unazotaka kuzipita.

Njia zenyewe ndizo zinazoamua. Ukishavuka daraja la Mto Sabaki na kuiacha lami ya kwenda Garsen, unaingia katika ardhi nyekundu ya kichanga, na vijia vyake vimechimbwa na miguu ya watu, ng'ombe na mbuzi, wala havikukusudiwa chombo chochote cha magurudumu. Upana wake mara nyingi ni wa mtu mmoja, huku na huku pana migunga na vichaka vya miiba, na penye mikorosho matawi hushuka mpaka kifuani mwa mpanda pikipiki. Kona hukatwa ghafla kukwepa mti au shamba la mihogo, mchanga hulundikana mahali pa bondeni, na kila baada ya masika maji huacha makorongo mapya mahali ambapo mwezi uliopita palikuwa tambarare. Katika mazingira hayo ni nadra mtu kufika kilomita 30 kwa saa, na kwa mwendo huo sehemu kubwa ya nguvu ya injini ya cc 644 inakaa bure, ilhali uzito wake wote unaubeba wewe.

DR650 ikiwa na mafuta na oili ina uzito wa takribani kilo 166, na kiti chake kiko milimita 885 kutoka ardhini. Serow 250 ina takribani kilo 130, na kiti chake ni milimita 830. Kwenye karatasi tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini fikiria pale unapopanda ukingo wa korongo, gurudumu la nyuma likazama, pikipiki ikasimama na kuanza kuegemea upande wa bondeni. Mwenye kiti kirefu anatafuta ardhi kwa ncha ya kidole, na ardhi ya upande ule iko chini zaidi ya alivyodhani; pikipiki ikishapita pembe fulani, hakuna mkono utakaoizuia. Mwenye kiti cha chini anaweka wayo mzima, anasubiri, anapumua, kisha anaendelea. Tofauti ya kuanguka na kutoanguka katika njia nyembamba mara nyingi ni hiyo sentimita tano au sita, wala si ustadi.

Kisha yako mambo ambayo hayaandikwi katika maelezo ya muuzaji. Ukifika mahali ambapo njia imefungwa na mti ulioanguka, huna nafasi ya kuzunguka kwa usukani. Inakubidi uiegemeze pikipiki juu ya stendi yake ya pembeni na kuizungusha, au uinue nyuma na kuisogeza hatua kwa hatua mpaka iangalie ulikotoka. Kwa Serow naifanya kazi hiyo peke yangu bila kuvua helmeti. Kwa DR650 nilihitaji mwenzangu, na tulipomaliza sote tulihitaji maji. Unajua joto letu la mwezi Februari na Machi, jinsi linavyochanganyika na unyevu wa bahari. Mtu akishainua pikipiki nzito mara mbili au tatu ndani ya saa moja, mikono huanza kulegea, macho huacha kusoma njia, na ajali mbaya hutokea katika nusu saa ya mwisho kabla ya kurudi barabarani. Kwa sababu hiyo naiona pikipiki nyepesi kuwa chombo cha usalama kama zilivyo helmeti na buti.

Sasa kuhusu hofu yako ya nguvu. Mchanga hauhitaji nguvu nyingi za farasi, unahitaji msukumo usiokatika, mwili ulio nyuma kidogo, macho yanayotazama mbali, na gurudumu la mbele lisilolemewa. Injini kubwa ya pistoni moja, ukiipeleka polepole mno, hushtuka na kuvuta cheni kwa mikupuo, na kwa kuwa gia ya kwanza ya DR650 ni nyepesi kwa mwendo wa kutembea, yaani inataka kukimbia, unalazimika kuishikilia klachi nusu muda wote. Mkono wa kushoto huchoka, klachi huungua, na injini inayopozwa kwa upepo na oili haipati upepo wa kuipoza. Pikipiki ya cc 250 yenye gia ya kwanza nzito hutembea kwa mwendo wa mtu bila kugusa klachi. Ikihitajika zaidi, badilisha sproketi ya mbele: Honda CRF250L, kwa mfano, huja na meno 14 mbele na 40 nyuma, na ukiweka ya meno 13 mwendo wa kila gia hupungua kwa karibu asilimia 7, ambao unausikia mara moja penye mchanga. Ni spea ya bei nafuu, na fundi yeyote anayejua kazi yake huibadilisha kwa muda mfupi.

Lipo jambo moja ambalo DR650 hushinda bila ubishi, nalo ni barabara ndefu. Kama safari zako nyingi ni za kwenda Garsen na Lamu ukiwa na mizigo, au Mombasa na kurudi, usiiuze. Lakini wewe umesema vijia.

Katika zile ninazozijua, Serow ndiyo ninayoipenda zaidi kwa kazi hii. Yamaha walianza kuitengeneza mwaka 1985 ikiwa na injini ya cc 223, wakaipa cc 249 mwaka 2005, na wakaacha kuitengeneza mwaka 2020, kwa hivyo utakayoipata itakuwa imetumika. Ndugu yake aliyeuzwa nje ya Japani kwa jina la XT250 ana injini ya namna ile ile, na kiti chake ni cha chini zaidi kidogo. Injini yake hupozwa kwa upepo, haina rejeta ya kuchomwa na tawi, na usukani wake hukata kona kali kuliko pikipiki nyingine yoyote niliyoipanda. CRF250L, na CRF300L iliyoifuata mwaka 2021, zina springi ndefu zaidi na hutulia vizuri mwendo unapoongezeka, ila viti vyake viko kwenye milimita 875 na 880, na uzito wake ni kilo 140 na kitu. Kama miguu yako ni mirefu, hizo zitakufaa sana. Kama sivyo, utakuwa umeondoa kilo na kubaki na tatizo lile lile la kutafuta ardhi kwa ncha ya kidole.

Honda XR150L usiidharau. Ina kilo zisizofika 130, kiti cha karibu milimita 830 na tangi la lita 12. Gurudumu lake la mbele ni la inchi 19, si 21 kama za Serow na CRF, kwa hivyo halipandi mizizi na kingo kwa ulaini ule, na springi zake hufika mwisho mapema ukiruka makorongo. Kwa mtu anayejifunza au mwenye mwili mwepesi, hainipi wasiwasi kuipendekeza. Yamaha AG200 na AG100, zile ambazo maofisa wa kilimo na afya wamezitumia mashambani kwa miaka mingi, zina sifa moja ninayoitamani: cheni yake imefunikwa kabisa, na mchanga wetu hula cheni iliyo wazi kwa kasi ya kusikitisha. Boxer na TVS za bodaboda zina spea kila kituo, na vijana wa huko Marafa huzipitisha mahali pa ajabu, lakini tumbo lake liko karibu na ardhi na mzigo wa springi zake ulipimwa kwa ajili ya abiria na magunia barabarani.

Kuhusu pikipiki za mashindano kama KTM 250 EXC, ambazo zina uzito wa kilo mia moja na kidogo, ni nyepesi kweli, lakini kiti chake kiko kwenye milimita 960, oili na pistoni zake huhesabiwa kwa saa za kuendeshwa, na spea utaziagiza mbali. Kwa mkazi wa Malindi asiyeshindana sioni sababu.

Ukishanunua, fedha ya kwanza iende kwenye matairi, chubu nene na pampu ya mkononi, kwa sababu miiba ya migunga haina huruma. Penye mchanga mimi hushusha upepo hadi presha 15 (psi) hivi, na siteremki zaidi ya hapo nikijua nitapita penye mawe, maana chubu hubanwa kati ya rimu na jiwe ikapata pancha ya matundu mawili. Chujio la hewa la sponji lifuliwe na kupakwa oili yake kila baada ya safari ya kiangazi, kwa kuwa vumbi jekundu ni jembamba mno. Usikate kiti wala kushusha springi kabla ya kuizoea pikipiki. Ekzosi ibaki ile ya kiwandani: tunapita nyuma ya nyumba za watu na mbele ya mifugo yao, na pikipiki isiyopiga kelele ndiyo inayokaribishwa tena. Vijia vya ndani ya makaya na vya msitu wa Arabuko-Sokoke viache, kwani makaya ni mahali patakatifu pa wenyewe, na msitu ni hifadhi yenye ndovu. Ufukweni pia usipite, kasa hutaga huko.

Kwa kuwa utanunua iliyotumika, na huenda imekaa Pwani, anza ukaguzi wako kwenye chumvi. Tazama chini ya tangi, ndani ya spoki, kwenye viungo vya waya za umeme na kwenye mirija ya springi za mbele. Kutu iliyochimba mirija hiyo hukata sili za oili kila ukizibadilisha. Inua gurudumu la mbele na uuzungushe usukani taratibu, usikie kama beringi zinakwama katikati. Iwashe ikiwa baridi, wala usikubali kuikuta imeshapashwa moto na muuzaji. Linganisha namba ya fremu na ya injini na zile zilizo kwenye kitabu cha gari, na uhamisho wa umiliki ufanyike katika mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kabla fedha yote haijatoka mkononi mwako. Kisha mwombe mwenyewe ruhusa, funga petroli, uilaze polepole mahali penye mchanga laini na uiinue peke yako, mara mbili mfululizo, ukiwa umevaa buti na helmeti utakazovaa njiani. Ikiwa mara ya pili imekutoa jasho la kuhitaji kupumzika, mshukuru muuzaji na uendelee kutafuta.