Kupima algorithimu: zidisha data mara mbili kwanza

Mkuu, umeuliza ipi ni bora kati ya njia zako mbili za kujua kama orodha ina namba inayojirudia, maana ile ya lupu (kitanzi cha kurudia hatua) ndani ya lupu imemaliza kabla ya ile inayopanga orodha kwanza. Lakini umepima kwa namba 100. Kwa data ndogo hivyo, saa haikwambii chochote cha maana kuhusu algorithimu, yaani mpangilio wa hatua za kutatua tatizo.

Mimi nikitaka kujua programu itahimili mzigo au la, nazidisha data mara mbili, halafu mara mbili tena, naangalia muda unapanda kwa uwiano gani. Muda ukipanda mara mbili, ni O(n), yaani kazi inakua sambamba na n, idadi ya data. Ukipanda mara nne, ni O(n²). Mara nane ni n kwa kipeo cha tatu, na hapo jiandae kisaikolojia. Ukizidi mara mbili kidogo tu, mara nyingi ni n log n, yaani n mara logi ya n. Sekunde zinabadilika ukihamia mashine nyingine, ila uwiano haubadiliki sana, ingawa unaweza kuruka kidogo data inapokua hadi isienee kwenye kashe, ile memori ndogo ya haraka ya prosesa.

Sasa tuje kwenye lupu zako. Kila namba inalinganishwa na zote zinazoifuata, kwa hiyo milinganisho ni n(n−1)/2. Kwa namba 100 ni 4,950, yaani hakuna kitu. Kwa 10,000 ni 49,995,000. Kwa milioni moja inakaribia bilioni 500! Ile nyingine, kwa milioni hiyohiyo, inapanga kwa milinganisho kama milioni 20, kisha inapita orodha mara moja ikikagua majirani, basi.

Kwa nini basi lupu zilishinda? Angalia kodi yako (maagizo ya programu uliyoandika): inasimama ikikuta jozi ya kwanza. Kama jozi hiyo iko mwanzoni mwa orodha, lupu hazijafanya kazi yoyote, wakati mwenzake amelazimika kupanga zote 100. Jaribu orodha isiyo na namba hata moja inayojirudia uone. Hili la aina ya data watu wengi hulipuuza. Quicksort, njia ya kupanga ya Tony Hoare, kwa kawaida ni n log n, lakini ukiiandika ikichukua namba ya kwanza kama mhimili (namba ya kugawia orodha, ndogo huku na kubwa kule), kisha ukaipa orodha iliyokwisha kupangwa, inageuka n². Nimeona ripoti ikikwama kwa sababu hiyo tu, kodi haijaguswa.

Wala usidharau njia za n² moja kwa moja. Tim Peters alipoitengenezea lugha ya programu ya Python upangaji wake mwaka 2002, vipande vifupi aliviachia upangaji wa kupachika (kuingiza kila kitu mahali pake kati ya vilivyokwisha kupangwa), ambao ni n², kwa sababu kwenye vipande vifupi una gharama ndogo.

Ukipima tena, usihesabu muda wa kusoma faili wala wa kuchapisha kwenye skrini. Rudia kila kipimo mara kadhaa uchukue muda mdogo kuliko yote, maana programu nyingine zikiingilia huongeza tu muda, hazipunguzi. Angalia na memori pia, kwani kuna njia ya tatu ya kutumia seti (mkusanyo usiorudia kitu, unaokumbuka namba zilizokwisha kuonekana) ambayo kwa wastani ni O(n), ila inakula nafasi ya memori.

Pima kwa 10,000, 20,000 na 40,000, orodha ikiwa haina marudio, uweke majibu hapa tuyaone.