Maswali na Majibu: Risiva ya chini ya AR-15, ubora wake uko wapi?

Swali: Niko Marekani na nataka kununua risiva ya chini ya bunduki ya AR-15, yaani fremu ya chini inayobeba triga na magazini, ikiwa tupu, nije niunge vipuri mwenyewe. Dukani kuna ya kufuliwa na ya kuchongwa kwenye bonge la alumini, na hii ya pili bei yake ni karibu mara mbili. Je, ndiyo imara zaidi?

Jibu: Hapana. Ya kufuliwa hukandamizwa ikiwa moto ndani ya kalibu ndipo ikachongwa, na kwa kawaida ni aloi ya alumini ya 7075-T6 (T6 ni ugumu unaopatikana kwa kupashwa joto maalumu), ambayo huanza kupinda kwenye mkazo wa takriban megapaskali 500. Za bonge nyingine ni 7075 na nyingine 6061-T6, ambayo hupinda kwenye takriban 275. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, kwa hiyo soma maelezo ya mtengenezaji. Asiyetaja aloi, mwache.

Hata hivyo usiipe aloi uzito kupita kiasi. Risasi inapolipuka, bolti, yaani kipande kinachoiziba kwa nyuma, imejifunga kwenye mtutu huko kwenye risiva ya juu, na risiva ya chini haibebi shinikizo hilo. Kazi yake ni kushika vipuri mahali pake, na ndiyo maana ubora wake umo kwenye matundu na nyuzi za skrubu. Sehemu ambayo uimara wa chuma unahesabika kweli ni pete ya nyuma inayoshika bomba la bafa (bafa ni uzito unaopunguza kishindo cha bolti ikirudi nyuma), kwa kuwa ni nyembamba na kitako kizima kinaning'inia hapo. Ikague pande zote. Upande mmoja ukiwa mwembamba kuliko mwingine, tundu lilitobolewa nje ya kitovu.

Ukaguzi wote ufanye kaunta, kabla ya kujaza fomu 4473, ile ya serikali anayojaza mnunuzi wa silaha dukani. Kisheria kipande hicho ndicho bunduki, na maduka mengi hayapokei silaha iliyokwisha kuandikishwa kwa jina la mtu. Linganisha namba ya usajili kwenye chuma na ile ya kwenye karatasi, tarakimu kwa tarakimu. Sheria ya shirikisho inataka maandishi yawe na kina kisichopungua inchi 0.003 na kimo kisichopungua 1/16 ya inchi. Namba inayosomeka kwa kubahatisha isikubaliwe.

Swali: Kwa mkono na macho tu, nitazame nini hasa?

Jibu: Ukiruhusiwa, nenda na pini mbili za triga na nyundo, bomba la bafa, na magazini tupu mbili za watengenezaji tofauti.

Anza na pini. Kila moja ipite kwenye tundu lake kwa kusukumwa na kidole au kugongwa kidogo sana. Ikidondoka yenyewe kwa uzito wake, tundu ni pana, na baada ya muda litaanza kuwa la yai. Zote mbili zikiwa ndani, tazama kutoka juu kama unavyotazama reli mbili za treni. Lazima ziwe sambamba, na zikate kuta za risiva kwa pembe mraba. Kosa hili halionekani kwenye picha za matangazo, na ndilo linalotuudhi kuliko yote. Pini ya nyundo ikienda mshazari, nyundo husugua ukuta mmoja na kushikana na triga kwa ukingo mmoja tu. Ukingo huo hulika haraka, na hapo triga ndipo inapokosa kutegemewa.

Kisha bomba. Lizungushe kwa vidole. Liingie laini mpaka mwisho. Likikwama katikati, nyuzi zimechanika au tabaka la nje limejaa ndani yake. Sasa tazama tundu dogo la pini ya kuzuia bafa. Mdomo wa bomba unatakiwa kufunika bega la pini hiyo, ncha yake ikibaki huru kupanda na kushuka. Nyuzi ni 16 kwa inchi na bomba lazima lisimame wima, kwa hiyo unaweza kurekebisha kwa mzunguko mzima tu, yaani takriban milimita 1.6. Tundu likiwa mbele mno, unabaki na mambo mawili: bomba lisifike, au lizidi na kuibana pini. Lisipofika, pini na springi yake huchomoka na kuangukia kwenye triga.

Magazini ni jambo jepesi. Kwa kuwa kishikio cha magazini hakijafungwa, kila moja iingie na kutoka kwa uzito wake bila kukwaruza.

Swali: Nitajuaje kama weusi wake ni tabaka gumu la anodi au rangi ya kupulizia?

Jibu: Risiva ikishakuwa yako, sugua sehemu iliyofichika kwa pamba yenye asetoni. Rangi ya kawaida itaacha weusi kwenye pamba. Pamba ikibaki safi bado si uthibitisho kamili, kwa sababu rangi ya kauri iliyochomwa nayo haitoki.

Tabaka gumu la anodi, ambalo hukuzwa kwa umeme kutoka kwenye alumini yenyewe, huwa na unene wa takriban inchi 0.002, nusu imezama ndani ya alumini na nusu imejitokeza. Maana yake kila tundu hupungua kipenyo kwa inchi 0.002, na mtengenezaji makini hulitoboa akijua hivyo. Doa moja au mawili yasiyo na tabaka, yaliyofichika ndani, ni alama za vibanio vya umeme. Hayo si kasoro. Rangi ya zambarau nayo ni suala la aloi na wino tu, haidhoofishi kitu.

Swali: Risiva ya juu na ya chini zinacheza nikizishika. Je, shabaha itaharibika?

Jibu: Haitaharibika kwa namna utakayoiona. Mtutu na darubini vyote viko juu na vinatembea pamoja. Ukikereka, weka kabari ya mpira ndani ya risiva, au tumia skrubu ya kubana kama ipo. Usipige tupa popote.

Swali: Nilipokuwa nagonga pini ya kilinda triga, sikio la risiva lilivunjika. Nimeuziwa mbovu?

Jibu: Pengine sivyo. Masikio hayo ni membamba, na yakigongwa bila kuwekewa kitu chini huvunjika hata kwenye risiva nzuri. Weka kipande cha mbao au plastiki ngumu chini ya sikio, kijaze nafasi yote. Lililovunjika usilichomelee, maana joto huua ugumu wa T6 pande zote za kiungo.

Kabla ya kuitumia bunduki iliyoungwa, hakikisha haina risasi, kisha ijaribu. Ikiwa kwenye usalama, kuvuta triga kusiangushe nyundo, na kuhamisha swichi nako kusiiangushe. Vuta triga uishikilie, koki tena, halafu iachie polepole: usikie mlio mdogo na nyundo ibaki imekokiwa. Ukijaribu bila risiva ya juu, ipokee nyundo kwa dole gumba, isije ikapiga ukuta wa mbele. Nyundo ikifuata kidole chako unapoachia triga, usiipe risasi hata moja. Rudi kwenye zile pini mbili.