Kwa nini wasichana niliowahoji wanaonekana kuolewa mapema kuliko mama zao?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafanya utafiti wa shahada ya uzamili na nimehoji wasichana wa miaka 15 hadi 24. Niliwachukua walioolewa, nikapiga wastani wa umri wao wa kuolewa mara ya kwanza. Umetoka mdogo kuliko wa mama zao! Msimamizi anasema hesabu haikubaliki, lakini kila nikirudia kwenye Excel jibu ni lile lile. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Excel haina kosa. Umewaacha nje ambao hawajaolewa, na jibu lako wanalo wao.

Chukua mabinti watano wenye miaka 22. Wawili wameshaolewa, mmoja akiwa na 17, mwingine 19. Wastani wako ni 18. Sasa tuseme wale watatu wataolewa wakiwa na 24, 25 na 30. Rudi kijijini baada ya miaka kumi: wastani wa mabinti hao hao ni 23. Hakuna aliyekudanganya. Dodoso limewakuta njiani, na aliyeolewa mapema ndiye aliyehesabiwa. Mama zao walishamaliza safari hiyo, kwa hiyo huwezi kuwalinganisha nao hivyo.

Ndiyo maana DHS (utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya) hutumia umri wa kati, yaani umri ambao nusu ya wanawake wote, walioolewa na wasioolewa, wanakuwa wameshaingia kwenye ndoa. Kundi la 15–19 huachwa, kwa sababu nusu hiyo haijafika.

Kwa data yako, njia rahisi ni kubaki na wa miaka 20–24 na kuuliza: wangapi waliolewa kabla ya 18? Wote wameshaivuka 18, hakuna anayesubiriwa. Ile asilimia 31 ya Tanzania katika DHS ya 2015–16 ilipatikana hivyo. Ukitaka kuwatumia wote, tumia jedwali la maisha (Kaplan-Meier), njia ya hesabu inayowaingiza pia ambao hawajaolewa: binti wa miaka 16 asiyeolewa anachangia miaka yake yote mpaka siku ya mahojiano, kisha anatoka kwenye hesabu. Programu za takwimu za R na Stata zinafanya hivyo kwa mistari michache.

Kabla ya hapo, fungua dodoso lako. Uliuliza “Umeolewa?” tu? Binti aliyekaa na mwanaume miaka miwili akarudi kwao na mtoto atakujibu “sijaolewa”, na kwake ni kweli, mahari haikutolewa. DHS huhesabu pia walioishi pamoja kama mume na mke, na huuliza mwezi na mwaka walioanza kuishi pamoja. Mimi umri wa kukumbuka kichwani siuamini sana. Naomba kadi ya kliniki ya mtoto wa kwanza, nauliza kama walikuwa wameshaanza kuishi pamoja alipozaliwa, halafu narudi nyuma hadi mwaka aliomaliza darasa la saba.

Ukifika sura ya uzazi utakutana na mtego ule ule. DHS hiyo ilikuta asilimia 27 ya wasichana wa 15–19 wameshazaa au ni wajawazito. Hiyo ni picha ya siku ya mahojiano. Usiandike kwamba asilimia 27 ndio watakaoanza kuzaa kabla ya kutimiza 20, maana aliyehojiwa akiwa na 15 bado ana karibu miaka mitano mbele yake.